Taya la juu hujengwa kabla ya kukatwa

Ukimwondolea mtu nusu ya taya la chini kwa sababu ya uvimbe, kila anayemtazama anaona kilichopungua, kwa sababu kidevu kinahamia upande. Ukimwondolea nusu ya taya la juu, kwa nje huenda ukaona shavu limebonyea tu. Hasara kubwa iko ndani. Kaakaa ndilo linalotenganisha mdomo na pua. Likifunguka, uji unatokea puani, maji hayamezeki mpaka mtu ainamishe kichwa, na sauti yote inapitia puani kiasi kwamba "baba" inasikika "mama" na "dada" inasikika "nana". Juu zaidi iko sakafu ya jicho. Ikiondolewa bila kuwekewa kitu, jicho linashuka na kurudi ndani, na mtu anaanza kuona vitu viwiliviwili.

Naandika haya kwa wenzangu wa kliniki za meno na wodi za upasuaji Kanda ya Ziwa, na kwa ndugu wanaompandisha mgonjwa wao kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza, wakitaka kuelewa wanachosaini. Msimamo wangu ni mmoja: kazi ya kulijenga taya la juu hufanyika wiki moja au mbili kabla ya upasuaji, kwenye kiti cha meno na kwenye maabara ya meno. Thieta ni mahali pa kutekeleza yaliyokwisha kuamuliwa. Mgonjwa akifika mezani hajachukuliwa kipimo cha kinywa (chapa ya meno na kaakaa), hata daktari hodari atamaliza kukata akiwa na shimo ambalo hana cha kulizibia ila gozi.

Je, ni uvimbe wa kukatwa?

Kanda hii ina ugonjwa wake wa taya la mtoto. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliueleza mwaka 1958, na mpaka leo limfoma iliyopewa jina lake inaonekana kwa watoto wa pande zote za ziwa. Mtoto ana miaka 4 hadi 8 hivi, uvimbe umekua kwa wiki chache tu, magego yanacheza na kwenye eksirei yanaonekana kama yanaelea, pengine na jicho limesukumwa nje. Huyu hahitaji kukatwa taya. Anahitaji kuchukuliwa kinyama cha maabara, kuwekewa maji ya kutosha kwa mshipa, allopurinol (dawa ya kulinda figo uvimbe unapovunjika), na kuanzishiwa dawa za saratani haraka, kwa sababu seli za uvimbe huu hujizidisha mara dufu ndani ya siku moja au mbili. Kumng'oa yale meno yanayocheza kunamwongezea damu na kidonda bila faida yoyote. Kila wiki anayozungushwa kutoka zahanati moja hadi nyingine ni wiki ambayo uvimbe unaenda tumboni na kwenye ubongo.

Kwa mtu mzima orodha ni nyingine: ameloblastoma (uvimbe wa seli zinazotengeneza meno), miksoma (uvimbe wa nyama laini kama utelezi), uvimbe wa mifupa unaokua polepole, saratani za tezi za mate za kaakaani, na saratani ya seli bapa inayoanzia ufizini au ndani ya sainasi ya shavu, ule uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa. Hii ya sainasi hujificha. Dalili zake za mwanzo zinafanana na mafua: tundu moja la pua limeziba, kamasi zina damu, jicho la upande huohuo linatoa machozi. Kisha gego la juu linalegea ilhali halijaoza, shavu linakufa ganzi, meno bandia yaliyokuwa yanakaa vizuri yanaanza kubana. Kosa linalojirudia ni kumng'oa mgonjwa huyo jino na kumpa antibayotiki. Shimo la jino lisilofunga baada ya wiki 3, lenye nyama inayochomoza, lipelekwe maabara. Usimng'oe jino la pili.

Kinyama cha maabara kichukuliwe kwa ndani ya mdomo, kamwe si kwa kupasua ngozi ya shavu, maana njia hiyo inapandikiza saratani kwenye ngozi ambayo baadaye itabidi nayo iondolewe. Kata ukingoni mahali ambapo nyama ni hai. Sehemu nyeusi iliyooza katikati itarudi na jibu la "nyama mfu". Fomalini ya asilimia 10 iwe nyingi, mara 10 ya ujazo wa kinyama. Chupa ndogo iliyojaa nyama na kufunikwa na fomalini kijiko kimoja inaoza njiani, hasa ikitoka Nansio au Sengerema siku ya joto.

Kisha CT scan yenye vipande vya milimita 1 au pungufu. Picha ndiyo inayosema shimo litakuwa la aina gani, na hapo mgawanyo wa Brown na Shaw wa Liverpool, wa mwaka 2010, unasaidia sana. Namba I hadi VI zinaonyesha shimo linapanda hadi wapi: I halifungui njia kati ya mdomo na pua, II linafungua lakini sakafu ya jicho inabaki, III sakafu ya jicho inaondoka na jicho linabaki, IV jicho nalo linaondoka, V na VI ni za eneo la jicho na la pua bila kaakaa kuguswa. Herufi a hadi d zinaonyesha kiasi cha kaakaa na ufizi wenye meno kinachotoka, kuanzia katikati ya kaakaa peke yake hadi zaidi ya nusu ya taya. Jifunze mgawanyo huu. Mtu wa Mwanza akimpigia simu mwenzake wa Muhimbili na kusema "IIb", wote wawili wanaona shimo lilelile.

Kizibo

Kizibo ni bamba la akriliki, plastiki ngumu ya meno bandia, linalokaa kwenye kaakaa, lina kulabu za waya zinazoshika meno yaliyobaki, na upande wa shimo lina kinundu kinachoingia ndani na kuziba. Ambroise Paré wa Ufaransa alikwisha kueleza vifaa vya aina hii karne ya 16. Wengi wanakichukulia kama suluhisho la asiye na fedha, na hapo sikubaliani nao. Kwa shimo la IIa au IIb, kwa mtu mwenye meno imara upande mzima uliobaki, kizibo kilichotengenezwa vizuri kinamwezesha kunywa na kusema ndani ya siku mbili, kinamrudishia meno, na kinaacha shimo wazi ili daktari aone kwa macho yake kama saratani inarudi. Upasuaji wenyewe unakuwa mfupi kwa saa kadhaa. Tatizo letu kubwa ni vizibo vinavyotengenezwa baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa tayari ameanza kukunjamana ndani.

Kipimo cha kinywa kichukuliwe kwa aljineti, ule unga unaokorogwa na maji na kuganda mdomoni, siku 7 hivi kabla ya tarehe ya thieta. Trei ifike nyuma ya gego la mwisho na ishike mwanzo wa kaakaa laini. Kama kuna uvimbe unaoning'inia, upake vaselini na usiukandamize, kwa sababu nyama yake hutoa damu kirahisi na kuizuia kwenye kiti ni kazi. Mimina jasi ndani ya dakika 15. Aljineti ikiachwa mezani inanywea, na bamba litakalotokana nayo halitakaa. Toa mifano miwili: mmoja unabaki kama ulivyo, wa pili ndio wa kukatwa.

Hapa daktari wa upasuaji na fundi sanifu wa maabara ya meno lazima wakae meza moja. Daktari anachora kwa penseli, juu ya jasi, mstari atakaokata. Tuseme mstari unapita karibu na chonge. Chonge linalobaki ndilo litakalobeba kulabu ya kwanza na mzigo mkubwa kuliko meno mengine yote. Mfupa ukikatwa kwa kulisugua chonge, upande mmoja wa mzizi unabaki uchi, ndani ya miezi michache jino linalegea, na likitoka kizibo kinapoteza nguzo. Kwa hiyo mstari uchorwe katikati ya tundu la jino linalofuata: jino hilo ling'olewe thieta, na msumeno upite katikati ya tundu lake. Chonge linabaki na ukuta mzima wa mfupa kwa upande huo. Ni milimita 3 au 4 tu, lakini ndizo zinazoamua kama kizibo kitadumu miaka au miezi. Palipo na saratani mpaka salama unatangulia, na jino ambalo lingeukaribia mpaka huo linatolewa sadaka bila mjadala.

Fundi anayaondoa kwenye jasi meno yote yaliyo ndani ya mstari, anaushusha uvimbe hadi kimo cha kaakaa la kawaida, anapinda kulabu za waya wa chuma wa milimita 0.8 au 0.9 kwenye meno mengi iwezekanavyo, kisha anatengeneza bamba kwa akriliki isiyo na rangi. Inatakiwa iwe angavu ili daktari aone mahali ambapo ufizi uliobanwa chini yake umebadilika kuwa mweupe. Ukingoni yatobolewe matundu ya kupitishia waya au nyuzi. Upande wa shimo usiwekewe magego hata ndugu wakiomba. Mgonjwa akiuma upande usio na mfupa, bamba linazama upande huo na kuinuka upande mwingine, kulabu zinafunguka na kiraka cha ngozi kinachowekwa ndani ya shavu kinang'oka. Meno ya mbele yanaruhusiwa, kwa ajili ya sura na maneno. Na kama picha inaacha shaka kuhusu mpaka, yatengenezwe mabamba mawili, la shimo dogo na la shimo kubwa, yote yasafishwe na kupelekwa thieta. Gharama ya bamba la pili ni ndogo kuliko ya kumrudisha mgonjwa mezani.

Akriliki yenyewe ina adabu yake. Ikipikwa kwa joto, nyuzi 74 kwa saa 8 au 9 ndiyo njia salama kwa bamba nene. Anayeharakisha kwa kuchemsha moja kwa moja anapata vitundu vya hewa ndani, na vitundu hivyo hugeuka makazi ya fangasi. Umeme ukikatika katikati ya kupika, usikadirie kwa macho. Likishatoka, bamba lilowekwe kwenye maji saa 24, kwa sababu mabaki ya kimiminika cha akriliki yanaunguza ufizi.

Wakati wa kukata

Sitaeleza upasuaji wote, ila zile sehemu zinazoamua ujenzi utakavyokuwa. Ziwepo chupa 2 hadi 4 za damu zilizolinganishwa. Mpasuo wa Weber-Ferguson unapita katikati ya mdomo wa juu, pembeni mwa pua, na inapohitajika chini ya kope. Mpaka wa mdomo mwekundu na ngozi uwekewe alama ya wino kabla ya kuchoma dawa ya ganzi yenye adrenalini. Baada ya kuchoma ngozi inavimba, mpaka unapotea, na ukishonwa kwa kukosea milimita moja mtu ataonekana ana ngazi kwenye mdomo maisha yake yote. Chini ya kope mpasuo ukae milimita 3 hadi 4 kutoka kwenye mstari wa vinyweleo vya kope. Ukishuka zaidi, uvimbe wa kope haukauki. Kope zishonwe pamoja kwa muda ili kulinda jicho.

Ufizi wa kaakaa ukatwe ukiwa mrefu kuliko mfupa kwa milimita kadhaa, halafu ukunjwe kufunika ncha ya mfupa. Mfupa mkali ulio uchi hautavumilia kizibo. Mifupa ikatwe kwa mpangilio: kaakaa, ukuta wa karibu na pua, nguzo ya mfupa wa shavu, na mwishoni kabisa sehemu ya nyuma inayoshikana na mfupa wa pterigoidi. Huko ndiko iliko ateri ya taya na mtandao wa vena, na damu inayotoka pale haizuiliki vizuri mpaka taya lenyewe litolewe. Anayeanza huko atakata sehemu iliyobaki bila kuona. Taya likishatoka, jaza gozi ya moto, kandamiza dakika kadhaa kwa kutazama saa, si kwa hisia, kisha tafuta mshipa na uufunge. Ile gozi ya kooni aliyoiweka mtu wa nusu kaputi iandikwe ubaoni na ihesabiwe wakati wa kutoka.

Mfereji wa machozi ukikatwa uachwe na mrija mdogo wa silikoni, la sivyo jicho litatiririka. Ncha ya juu ya taya la chini, ile inayoingia nyuma ya shavu, iondolewe kama itagonga kinundu cha kizibo mgonjwa anapofungua mdomo. Ndani ya shavu iwekwe ngozi nyembamba kutoka pajani, unene wa milimita 0.3 hadi 0.4, na ikandamizwe na gozi yenye iodofomu (dawa ya kuua vijidudu) ikishikiliwa na bamba. Kiraka hiki wengi wanakiruka ili kuokoa dakika 20. Shavu lisilowekewa ngozi ndani linapona kwa kukunjamana, linavuta uso, na shimo linabadilika umbo kila wiki hivyo hakuna kizibo kinachokaa. Shavu lililowekewa ngozi, pale ngozi inapokutana na ufizi wa asili, linajitengenezea ukanda mgumu wa kovu. Ukanda huo unakishika kinundu kwa juu yake na kukizuia kisianguke.

Siku ya 7 hadi 10 gozi inatolewa, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya maumivu, na bamba linapachikwa kinundu laini cha muda. Kuanzia hapo kinundu kinarekebishwa kila wiki mbili hivi, maana shimo linapungua. Kizibo cha kudumu kinatengenezwa mwezi wa 3 hadi wa 6, na mgonjwa wa mionzi anasubiri mpaka vidonda vya mdomo vipone. Kinundu cha kudumu kiwe na uwazi ndani ili kiwe chepesi, na kifungwe juu ili kamasi zisikusanyike. Kipande upande wa nje ndicho kinachohitaji kimo kirefu, upande wa pua kiwe kifupi, mtu aweze kupumua.

Upimaji wa kuvuja hauhitaji mashine. Mkalishe wima, mpe maji anywe, halafu mshikie kioo kidogo cha meno chini ya matundu ya pua na umwambie aseme "baba, papa, kaka, dada" pole pole. Kioo kikipata ukungu kwenye maneno hayo, hewa inapita. Kwenye "mama" na "nana" ukungu ni wa kawaida, kwa hiyo usitumie maneno hayo kupima. Kisha paka unga wa kuonyesha mgandamizo kwenye kinundu na utafute pengo. Mara nyingi liko nyuma, kwenye makutano na kaakaa laini, kwa sababu pale nyama husogea kila anapomeza.

Nyama na mfupa wa kuhamishwa

Kizibo kinashindwa pale ambapo hakuna cha kukishika. Mtu asiye na meno, shimo linalozidi nusu ya taya, taya la mbele lote likiwa limeondoka, au sakafu ya jicho ikiwa imetoka: kwa hao ujenzi wa nyama hai, inayohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu, ndiyo njia. Nyama hiyo ndiyo tunaiita flapu.

Kwa tundu dogo, hadi sentimita 4 hivi, mafuta ya shavu yanatosha. Yanapatikana kwa mpasuo mdogo juu ya gego la mwisho, yanavutwa taratibu kwa koleo butu, yanatandazwa na kushonwa bila kukazwa. Mashine ya kunyonya damu isiyaguse, inayachana. Ndani ya wiki 3 hadi 6 yanajiotesha ufizi juu yake, bila kuwekewa ngozi. Yanayokufa ni yale yaliyovutwa mpaka yakawa membamba kama karatasi ili yafike mbele yasikoweza kufika.

Msuli wa panja, wa temporali, unafika kwenye kaakaa la nyuma na kwenye tundu la jicho, na hauhitaji darubini. Kwa hospitali nyingi za kanda hii ndio flapu kubwa inayowezekana kesho asubuhi. Lakini ateri zake za ndani ni matawi ya ile ateri ya taya. Aliyefunga ateri hiyo mwanzoni kabisa, karibu na kifundo cha taya, wakati wa kupigana na damu, ameiweka flapu yake hatarini kabla hajaiinua. Ifungwe mbele zaidi, baada ya matawi hayo. Tawi la neva linaloinua nyusi linapita juu ya upinde wa shavu na ni rahisi kulikata, na pembeni mwa paji panabaki bonde. Bonde hilo linapungua ukitumia nusu ya mbele ya msuli na kuisogeza ile ya nyuma ijaze nafasi.

Mfupa wa kubeba meno ni suala jingine. Fibula, mfupa mwembamba wa pembeni mwa mguu, unatoa hadi sentimita 25 hivi, ilmradi sentimita 6 au 7 zibaki kifundoni ili mguu usiyumbe, na nyingine kama 6 karibu na goti ilipo neva. Mishipa ya mguu ipigwe picha kwanza, kwani wapo watu ambao mguu wao unalishwa zaidi na ateri ya peronea, na ukiichukua unaua mguu. Mfupa unakatwa vipande vya kuupinda. Kipande kisiwe chini ya sentimita 2 hivi, kikiwa kifupi kinapoteza damu ya ngozi yake ya nje. Vipimo vianzie kwenye meno. Amua jino litakaa wapi, kisha ndipo uweke mfupa. Mara nyingi mfupa huwekwa mahali ulipotaka kukaa wenyewe, unashikana vizuri, eksirei inapendeza, na hakuna jino linaloweza kupandwa juu yake kwa sababu uko sentimita moja nyuma ya taya la chini. Ule mfano wa jasi uliobaki bila kukatwa unafanya kazi hapa: bamba la akriliki lililotengenezwa juu yake linaonyesha ufizi ulikuwa wapi.

Ugumu mwingine ni umbali. Mishipa ya kupokelea iko shingoni, na kutoka kaakaani hadi huko ni mwendo wa sentimita 10 au zaidi. Mishipa ya fibula mara nyingi haifiki, na inabidi kuunganisha kipande cha vena kutoka mguuni, au kutumia mishipa iliyo mbele ya sikio. Ncha ya mfupa wa bega ina mishipa mirefu zaidi na umbo linalokaribiana na kaakaa, na kwa mtu mzee mwenye miguu mibovu mimi ningeanza nayo. Mfupa wa nyonga na msuli wake ndio Brown aliupendelea kwa shimo la III. Handaki ndani ya shavu lipitishe vidole viwili bila kubana. Mishipa inaunganishwa kwa uzi mwembamba sana wa 9-0 chini ya darubini, na flapu isikae bila damu zaidi ya saa 4 au 5.

Sakafu ya jicho ijengwe kwa wavu wa titani au mfupa wa nyonga usio na mishipa, ila chini yake lazima pawe na nyama hai. Wavu ulioachwa uchi kuelekea puani, halafu ukapigwa mionzi, utaonekana siku moja ukichungulia kupitia ngozi chini ya jicho.

Saa 72 za kwanza ndizo za hatari. Muuguzi aiangalie flapu kila saa kwa siku ya kwanza, kwa tochi, na aandike. Ikigeuka zambarau, ikabonyezwa ikarudisha rangi haraka mno, na sindano ikatoa damu nyeusi papo hapo, vena imeziba. Ikiwa nyeupe, baridi, na sindano haitoi kitu, ateri imeziba. Ya kwanza hutokea zaidi. Zote mbili zinarudishwa thieta usiku huohuo. Kusubiri raundi ya asubuhi ni kuipoteza. Hospitali isiyoweza kufungua thieta saa 8 usiku isianze flapu ya darubini, iandike rufaa.

Nyumbani

Mwenye flapu analishwa kwa mpira wa puani siku 7 hadi 10. Mwenye kizibo anaanza vimiminika mapema, kisha uji wa ulezi wenye karanga na maziwa, ndizi za kuponda, supu iliyochujwa. Samaki aina ya sato asubiri. Flapu haina hisia, na mwiba unaweza kuichoma na kukaa humo siku kadhaa mgonjwa asijue mpaka usaha utoke. Sangara wa mnofu, aliyepekuliwa kwa vidole, ni salama zaidi, na dagaa wawe wa unga uliosagwa laini.

Kizibo kinatolewa na kuoshwa kila baada ya kula, kwa mswaki na sabuni ya mche, juu ya beseni lenye maji ili kikiponyoka kisivunjike. Maji ya moto yanakipinda. Shimo lenyewe linasukutuliwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita yenye kijiko kidogo cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea. Katika miezi ya mwanzo kizibo kilaliwe nacho, kwa sababu shimo likiachwa tupu usiku mzima asubuhi halikubali kirudi. Anayekaa kisiwani akipoteza kizibo apande kivuko siku hiyohiyo.

Mdomo unakaza, na mionzi inazidisha. Mionzi yenyewe, pale inapohitajika, ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji, kwa kawaida Gy (grei, kipimo cha mionzi) 60 hadi 66 kwa dozi 30 hadi 33, na meno mabovu yawe yameng'olewa mapema, siku 10 hadi 14 kabla, kwa sababu tundu la jino lililong'olewa kwenye mfupa uliopigwa mionzi linaweza lisipone. Mazoezi ya kupanua mdomo yaanze mara mishono ikiruhusu: vijiti bapa vya kukandamizia ulimi vipangwe kimoja juu ya kingine kati ya meno, mdomo upanuliwe mara 7, kila mara sekunde 7, na zoezi lirudiwe mara 7 kwa siku. Idadi ya vijiti iandikwe kwenye daftari. Uwazi ukishuka chini ya milimita 35 kizibo kinaanza kuwa kigumu kuingiza. Ukishuka chini ya 20 mara nyingi hakiingii kabisa, na inabidi kitengenezwe cha vipande viwili vinavyoungana kwa sumaku.

Mgonjwa wa saratani aonekane kila mwezi hadi kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, na kila mara kizibo kitolewe, shimo limulikwe hadi nyuma, shingo ishikwe pande zote mbili. Wa ameloblastoma naye asiachiwe kwa sababu tu haina tabia ya saratani. Kwenye taya la juu mfupa ni laini kama sifongo, uvimbe unapenya hadi karibu na ubongo, na hurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo apigwe picha kila mwaka na aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kadi yake ya kliniki haifungwi.